Wasomi wa Diplomasia Waanzie Geita na Kahama

KILA mwaka vyuo vyetu vinatoa vijana waliohitimu masomo ya diplomasia, uhusiano wa kimataifa na sera za nchi za nje. Wako wanaotoka katika Chuo cha Diplomasia cha Kurasini, kilichoasisiwa mwaka 1978 kwa ushirikiano wa Tanzania na Msumbiji. Wako wanaotoka katika Vyuo Vikuu vya Dar es Salaam na Dodoma. Na wako wanaorejea kutoka ng'ambo wakiwa na shahada zao mkononi. Na kila mwaka swali linakuwa lile lile: vijana hawa waende wapi?

Wengi wao wameelekeza macho mahali pamoja tu, yaani Wizara ya Mambo ya Nje. Wale wanaokosa nafasi huko hugeukia Umoja wa Mataifa, au Arusha yalipo makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, au Gaborone yalipo makao ya SADC. Lakini balozi zetu zote duniani hazifiki mia moja, na ubalozi mmoja hauajiri kijiji kizima. Milango hiyo inapofungwa, kijana hurudi kwao, tuseme Kahama au Geita, akakaa barazani, na wazee wake wakawa wanamwuliza kila jioni ile kazi ya ubalozi imefikia wapi.

Sisi tunaona kuwa swali hili limekuwa likiulizwa kichwa chini miguu juu. Kijana huyo aliyerudi Kahama hakuyapa kisogo mambo ya kimataifa. Ameyaingia katikati yake. Ni sehemu chache mno za nchi yetu ambako Tanzania inakutana na dunia uso kwa uso, kila siku ya Mungu, kama inavyokutana nayo katika ukanda wa dhahabu unaoanzia Geita, ukapita Nyang'hwale, Mbogwe na Bukombe hadi Msalala na Kahama, na hatimaye kukaribiana na almasi ya Mwadui katika Wilaya ya Kishapu. Huko mkataba wa kimataifa si mada ya mtihani. Huko ndiko unakoamua ni nani atachimba, ni nani atahamishwa, ushuru gani utalipwa na maji gani yatanywewa.

Tuanze na Bulyanhulu. Mwezi Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa katika eneo hilo ili kuipisha kampuni ya kigeni. Miaka sita baadaye, mwaka 2002, malalamiko juu ya tukio hilo yalikuwa yamefika mezani kwa mkaguzi wa malalamiko wa Benki ya Dunia mjini Washington, kwa sababu wakala mmoja wa Benki hiyo ndio uliokuwa umeudhamini uwekezaji wa Bulyanhulu. Hatuandiki leo ili kufufua shauri lile. Tunachotaka msomaji akione ni umbali ambao neno la wachimbaji wa Kahama lilisafiri, na kwamba njia yote ile, kutoka kwenye duara la mchimbaji mpaka ofisi ya Washington, ilikuwa ni njia ya sera za kimataifa. Vijana wetu waliosomea sera hizo walikuwa wapi? Wengi walikuwa Dar es Salaam wakingoja kuitwa kwenye usaili.

Kisha tuitazame mikataba ya maendeleo ya madini iliyotiwa saini katika miaka ya 1990. Sheria ya Madini ya mwaka 1998 iliweka mrabaha wa dhahabu kuwa asilimia 3. Lakini ndani ya mikataba yenyewe mlikuwa na vifungu ambavyo mwananchi wa kawaida hakuvisikia, maana mikataba ile ilikuwa ya siri na iliandikwa kwa Kiingereza cha mawakili. Kimojawapo kilihusu ushuru wa huduma. Sheria zetu za serikali za mitaa ziliruhusu halmashauri kutoza mpaka asilimia 0.3 ya mapato ya kampuni. Mikataba ikaukata ushuru huo, na badala yake halmashauri zilizo jirani na migodi zikawa zinapokea dola 200,000 kwa mwaka, haidhuru mgodi umeuza dhahabu kiasi gani. Mwenye kalamu na apige hesabu: mgodi ukiuza dhahabu ya dola milioni 300 katika mwaka mmoja, asilimia 0.3 yake ni dola 900,000. Tofauti ni dola 700,000, kwa halmashauri moja, kwa mwaka mmoja. Ilichukua hadi mwaka 2014 ndipo kampuni zikaanza kulipa kwa kiwango cha asilimia. Madarasa na zahanati ambazo Geita na Kahama zilizikosa katika miaka ile hazikuibwa usiku na mtu aliyevaa kinyago. Zilipotea mchana kweupe, ndani ya kifungu kimoja cha mkataba, kwa kuwa upande wetu wa meza haukuwa na watu wa kutosha wa kukisoma kifungu hicho na kukipigania.

Na hapo ndipo yanapotufikia mambo ya kazi za wahitimu. Nchi ikikosa mabwana shamba, mavuno hupungua na kila mtu huona. Nchi ikikosa watu waliobobea katika mikataba, hakuna aonaye kitu kwa miaka kumi au kumi na tano, mpaka deni linapokuja kugonga mlango.

Wapo watakaosema kwamba kazi ya namna hiyo ni ya wanasheria na wahasibu peke yao, na kwamba mwanadiplomasia hana la kufanya mgodini. Tunawakumbusha historia ya watu wa Kanda hii ya Ziwa. Paul Bomani alianza na wakulima wa pamba. Alikuwa kiongozi wa Shirikisho la Vyama vya Ushirika vya Victoria, lililoundwa mwaka 1955, na kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba mzani wa mnunuzi haumpunji mkulima wa Usukuma. Mtu huyo ndiye aliyekuja kuwa Waziri wetu wa Fedha, na kuanzia mwaka 1972 hadi 1983 akawa Balozi wetu nchini Marekani. Alifika Washington akiwa anajua bei ya pamba inavyomfikia mtu wa kijijini. Hiyo ni elimu ambayo hakuna chuo kinachoitoa kwa mihadhara.

Ndugu yake, Jaji Mark Bomani, alipita njia nyingine. Alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali kuanzia mwaka 1965 hadi 1976. Baadaye akautumikia Umoja wa Mataifa katika suala la Namibia. Na baada ya hapo akawa msaidizi mkuu wa Mwalimu Nyerere katika usuluhishi wa mgogoro wa Burundi. Mtu angedhani kwamba baada ya safari ndefu namna hiyo atapumzika. Lakini mwezi Novemba 2007, wakati nchi nzima ilipokuwa ikibishana juu ya mkataba wa Buzwagi uliotiwa saini London mwezi Februari mwaka huo, Rais Kikwete alimteua yeye kuongoza kamati ya kupitia upya mikataba na sheria za madini. Wajumbe wake walitoka vyama mbalimbali. Kamati ilitoa taarifa yake mwaka 2008, na Sheria mpya ya Madini ya mwaka 2010 ikapandisha mrabaha wa dhahabu kutoka asilimia 3 hadi 4, tena ukikokotolewa juu ya thamani ghafi badala ya thamani iliyokwisha kupunguzwa gharama. Yaani mwanasheria aliyeshughulikia uhuru wa Namibia na amani ya Burundi alikuja kuhitajika, uzeeni, kwa ajili ya Kahama.

Mambo ya mwaka 2017 yanajulikana kwa kila mtu, hivyo hatutayarudia kwa urefu. Serikali ilizuia usafirishaji wa makinikia mwezi Machi. Kamati za Profesa Mruma na Profesa Osoro zikatoa taarifa zao mwezi Mei na Juni. Mwenyekiti wa Barrick, John Thornton, akaja Ikulu tarehe 14 Juni. Lakini watu wengi wanakumbuka siku hiyo ya Juni na kusahau miezi iliyofuata. Mazungumzo yaliyoongozwa kwa upande wetu na Profesa Palamagamba Kabudi, mwalimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyekuwa Waziri wa Katiba na Sheria, yaliendelea mpaka mkataba wa mwisho ulipotiwa saini tarehe 24 Januari 2020. Ni miaka miwili na nusu. Matunda yake ni kuundwa kwa kampuni ya Twiga, ambamo Serikali ina hisa za asilimia 16, kugawana manufaa ya kiuchumi nusu kwa nusu, na malipo ya dola milioni 300 ya kumaliza madai ya nyuma.

Miaka miwili na nusu ya kukaa mezani inataka pumzi. Inataka mtu anayejua sheria, na mwingine anayejua bei ya dhahabu London, na mwingine anayejua jinsi kampuni za nje zinavyohamisha faida kutoka tawi hadi tawi, na mwingine anayejua Serikali za Kanada na Uingereza zitasema nini mambo yakichacha. Watu wa namna hiyo hawapatikani kwa kutangaza nafasi gazetini siku ya Jumatatu. Serikali ilimpata Profesa Kabudi kwa sababu alikuwepo, na alikuwepo kwa sababu alikwisha kufundisha na kusoma mambo hayo kwa miongo kadhaa. Sisi tunauliza: wa mwaka 2040 yuko wapi sasa? Anafanya kazi gani leo?

Swali hilo lina bei yake, na bei imekwisha kulipwa. Marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yalifuta leseni za kuhodhi maeneo, na kanuni zilizofuata mwaka 2018 zikazimaliza zile zilizokuwepo. Maeneo yenyewe hayakuwa ya Geita wala Kahama. Yalikuwa kusini na mashariki ya nchi. Nia ilikuwa njema, nayo ni kuwazuia watu kukalia ardhi yenye madini bila kuichimba. Sheria nyingine ya mwaka huo huo ilitaka migogoro ya rasilimali zetu isikilizwe hapa hapa nchini. Lakini mikataba ya kulinda vitega uchumi ambayo nchi ilikuwa imekwisha kuitia saini, ule wa Uingereza wa mwaka 1994 na ule wa Kanada wa mwaka 2013, ilikuwa bado na nguvu. Kampuni tatu zikaipeleka Tanzania mbele ya kituo cha usuluhishi wa migogoro ya uwekezaji kilichopo Washington. Winshear ililipwa dola milioni 30 kwa makubaliano ya mwaka 2023. Indiana, baada ya kushinda, ilikubali dola milioni 90 mwaka 2024. Montero ilipata dola milioni 27 mwaka huo huo. Jumla ni dola milioni 147.

Hatusemi haya ili kuibeza azma ya mwaka 2017. Azma hiyo tuliiunga mkono na bado tunaiunga mkono. Tunasema hivi: nchi ina haki ya kubadili sheria zake, lakini kabla ya kubadili inatakiwa kuwa na mtu katika chumba kile ambaye ataweka mezani mkataba wa mwaka 1994 na ule wa mwaka 2013, na kueleza, kifungu kwa kifungu, ni nani anaweza kutushitaki, wapi, na kwa kiasi gani, na tufanye nini ili tupate tunalolitaka bila kulilipia. Kuundwa kwa Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali mwaka 2018 kulikuwa hatua nzuri. Ofisi hiyo, hata hivyo, huletewa jeraha likiwa limekwisha kupatikana. Tunataka watu wa kuzuia jeraha, na mishahara ya wahitimu mia moja kwa miaka mingi haiwezi kuikaribia dola milioni 147.

Sasa tuyaache mambo ya mikataba mikubwa, tuingie vijijini, maana huko ndiko yaliko makubwa zaidi.

Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki ulipitishwa nchini Japani mwezi Oktoba 2013, ukaanza kutumika mwezi Agosti 2017, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Kifungu chake cha 7 kinazihusu nchi zenye wachimbaji wadogo wengi wa dhahabu, nasi tumo. Nchi ya namna hiyo inalazimika kuandaa mpango wa taifa wa kupunguza zebaki na kutoa taarifa ya maendeleo yake kila baada ya miaka mitatu. Na kiambatisho cha Mkataba kinataja mambo manne yanayopaswa kukomeshwa: kumwagia zebaki mawe yote yaliyosagwa, kuchoma hewani mchanganyiko wa dhahabu na zebaki, kuuchoma katika makazi ya watu, na kutumia sayanidi katika mabaki yenye zebaki bila kwanza kuiondoa zebaki hiyo.

Yeyote aliyewahi kufika Lwamgasa, Nyarugusu au Katoro akiyasoma mambo hayo manne atadhani walioyaandika walikuwa wamesimama kwenye karasha la Geita. Na si ajabu sana, kwa kuwa katika miaka ya mwanzo ya karne hii Lwamgasa palikuwa pahala pa utafiti wa mradi wa Umoja wa Mataifa kuhusu zebaki, uliozihusisha nchi sita, Tanzania ikiwa mojawapo. Maisha ya watu wa Geita yalichangia katika ujuzi uliozaa Mkataba huu. Lakini Mkataba wenyewe ulipoandikwa, nakala zake rasmi zilikuwa katika lugha sita za Umoja wa Mataifa, na Kiswahili hakimo. Mama anayeoshea mchanga wa dhahabu kwenye karai, akauchoma ule mchanganyiko jikoni kwake huku mtoto yuko mgongoni, hajui kwamba kuna kifungu kinachomtaja. Mvuke wa zebaki hauna harufu ya kumwonya. Unaingia mwilini, unaharibu mishipa ya fahamu na figo, na kwa mwenye mimba unamfikia hata aliye tumboni.

Hapa ndipo tunapouona upungufu wetu waziwazi. Yuko afisa wa madini ambaye analifahamu karasha, anaufahamu mwalo, anajua kila mwenye duara kwa jina, lakini Mkataba wa Minamata hakuwahi kuonyeshwa ila kwenye semina ya siku moja. Na yuko mhitimu wa sera za kimataifa ambaye anaweza kukieleza Kifungu cha 7 kwa ufasaha hata usingizini, lakini hajawahi kuona zebaki ikimiminwa. Watu hawa wawili hawajakutana. Taarifa inayopelekwa Geneva huandikwa mbali na Geita, na maazimio ya Geneva hufika Geita, yakifika, kama amri isiyo na maelezo. Mchimbaji anaambiwa aache zebaki. Haambiwi atumie nini. Ilhali majibu yapo: STAMICO ina vituo vya mfano vya kuchenjulia dhahabu huko Lwamgasa na Katente, na tangu mwezi Machi 2019 Geita ina soko la madini ambamo mchimbaji anaweza kuuza kwa bei inayojulikana. Kinachokosekana ni mtu wa kuunganisha vitu hivi vitatu, yaani Mkataba, kituo cha mfano na soko, kisha akasimama mbele ya nchi tajiri katika mkutano wa wanachama na kudai fedha za utekelezaji kwa hoja zinazotoka mwaloni. Hiyo ni kazi kamili ya mhitimu wa sera za kimataifa. Na kwa maoni yetu ina heshima kuliko kumpokea mgeni uwanja wa ndege na kumbebea mkoba.

Mwadui nako kuna somo. Almasi iligunduliwa huko mwaka 1940, na tangu mwaka 2003 haiwezi kuuzwa kihalali nje bila cheti cha Mpango wa Kimberley. Cheti hicho peke yake ni ajira ya watu. Lakini liko jambo jingine lililo zito zaidi. Mwezi Mei 2021 kampuni ya Petra, iliyokuwa mbia mkuu wa mgodi huo, ilikubali kutoa pauni milioni 4.3 ili kumaliza madai ya wanavijiji 71 waliolalamika kuteswa na walinzi wa mgodi. Kampuni haikukiri dhima kisheria. Madai yalifunguliwa Uingereza, na mawakili walikuwa Waingereza. Baadaye ukawekwa utaratibu wa kupokea malalamiko mengine, kwa kufuata kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 2011 kuhusu biashara na haki za binadamu. Tunafurahi kwamba wanavijiji wa Kishapu walisikilizwa. Hatufurahii hata kidogo kwamba ilibidi wasikilizwe London kwanza, wakati vijana wetu waliozisoma kanuni zile zile darasani hawana kazi.

Kwa hiyo tunasema nini? Tunasema kwamba njia ya kazi kwa wahitimu hawa ipo, lakini haijachongwa. Katika halmashauri zetu tumezoea kuwa na afisa kilimo, afisa ugavi, afisa maendeleo ya jamii na mwanasheria. Tunapendekeza kwamba halmashauri za ukanda wa madini, na sekretarieti za Mikoa ya Geita na Shinyanga, ziwe na afisa wa mikataba na sera za kimataifa. Wala asidhaniwe kuwa ni pambo. Tangu marekebisho ya mwaka 2017, kila kampuni yenye leseni ya kuchimba lazima iandae kila mwaka mpango wa huduma kwa jamii na kukubaliana na halmashauri husika. Maana yake ni kwamba kila mwaka Mkurugenzi na madiwani wa Geita au Msalala wanakaa mezani na kampuni ambazo hisa zake zinauzwa New York, Johannesburg na Toronto. Upande mmoja unakuja na mawakili na wahasibu. Upande wa pili unakuja na muhtasari wa kikao kilichopita.

Wizara ya Mambo ya Nje nayo ina wajibu. Sera ya mwaka 2001 iliweka mkazo juu ya diplomasia ya uchumi, na toleo lake jipya lililozinduliwa mwaka 2025 limeendelea na mkazo huo. Ikiwa uchumi ndio kiini cha diplomasia yetu, basi si haki kijana aajiriwe, apelekwe Ottawa au London, na kukutana na wenye migodi huko kabla hajawahi kuuona mgodi wenyewe. Afisa mpya na apitie kwanza mwaka mmoja katika ofisi ya Tume ya Madini Geita au Kahama, apange chumba mjini, apande daladala, asikilize vikao vya kata. Huko ataona kuwa bei ya dhahabu inapopanda London, nyumba za kupanga hupanda Katoro.

Tunajua pingamizi litakalotolewa. Litasemwa kwamba tukiwafundisha vijana hawa vizuri, kampuni zitawanyakua kwa mishahara minono, na Serikali itabaki na viti vitupu. Ni kweli jambo hilo hutokea, na hatumlaumu kijana anayetaka kujenga nyumba ya mama yake. Kijana wa Kitanzania akifanya kazi ndani ya Twiga au ndani ya mgodi wa Geita, akasimamia ununuzi wa bidhaa za wenyeji au mahusiano na vijiji, hajaisaliti nchi. Anajifunza upande wa pili wa meza, na siku moja anaweza kurudi upande wetu na ujuzi huo. Linalotukera zaidi ni desturi ya ofisi zetu wenyewe: mtu akikaa miaka miwili kwenye mikataba, akaanza kuielewa, anahamishiwa idara nyingine, na faili anaachiwa mgeni. Kampuni inayotukabili haifanyi hivyo. Wakili wake wa mwaka 1999 alikuwa bado anakumbuka alichokiandika wakati sisi tumekwisha kubadilisha watu mara saba. Watumishi wa kada hii wapewe muundo wao wa kupanda vyeo, ili mtu aweze kuwa bingwa wa mikataba ya madini kwa miaka ishirini bila kulazimika kuiacha kazi hiyo ndipo apandishwe daraja.

Kwa wahitimu wenyewe tuna maneno machache. Ndugu zetu, wengi wenu mnalijua kwa moyo Azimio namba 1803 la Umoja wa Mataifa, juu ya mamlaka ya kudumu ya kila taifa kwa maliasili zake, lililopitishwa tarehe 14 Desemba 1962. Ilikuwa mwaka mmoja kamili, siku kwa siku, tangu Tanganyika ilipopokewa katika Umoja huo. Ni vizuri kulijua. Lakini je, mmewahi kuusoma mkataba mmoja wa madini tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho? Mnaweza kuisoma mizania ya kampuni na kuona faida imefichwa wapi? Tangu mwaka 2015 nchi yetu ina sheria ya uwazi katika madini, mafuta na gesi, na taarifa za malipo hutolewa. Ni wangapi kati yenu mmezifungua? Jifunzeni uhasibu kidogo. Jifunzeni Kifaransa au Kichina. Na mtakaokwenda ukanda huo, jifunzeni Kisukuma, kwa sababu mzee wa Msalala akieleza mpaka wa shamba lake kwa lugha yake ataueleza vizuri zaidi kuliko atakavyoueleza kwa mkalimani. Dk. Stergomena Tax, mzaliwa wa Magu, aliiongoza Sekretarieti ya SADC kuanzia mwaka 2013 hadi 2021, baada ya kuwa mtendaji mkuu wa wizara hapa nyumbani. Hakuanzia Gaborone.

Dk. Salim Ahmed Salim alikuwa Balozi wetu mjini Cairo mwaka 1964 akiwa na umri wa miaka 22. Zama zile nchi ilikuwa na nafasi nyingi na wasomi wachache. Leo wasomi ni wengi, na anayetaka kuwa balozi akiwa na miaka 22 atangoja sana. Miaka hiyo ya kungoja si lazima ipotelee barazani.

Kazi iliyo mbele haitangoji. Huko Kahama, katika eneo la Buzwagi ambako mgodi wa dhahabu ulifungwa mwaka 2021, kumekusudiwa kujengwa kiwanda cha kusafisha nikeli kutoka Kabanga, na leseni yake ilitolewa mwezi Machi 2024. Kutakuwa na vifungu vya kodi, vya maji, vya ajira kwa wenyeji, na vya mahali pa kupeleka mgogoro ukitokea. Madiwani wa Kahama wataitwa ukumbini. Tungependa siku hiyo waingie wakiwa pamoja na kijana wao aliyesoma Kurasini na kufanya kazi Kahama, ambaye majuma mengi kabla ya kikao amekwisha kuzisoma karatasi zote kwa Kiingereza, na kuwaeleza kwa Kiswahili, na wengine kwa Kisukuma, kilichoandikwa ndani yake.